Breki Mpya za Mjomba Kombe

Kila asubuhi ya likizo, Jumwa alikuwa na adui mmoja tu: kutu. Pale Kibuyuni chumvi ya bahari haina adabu. Inakula bawaba za milango, inakula masufuria, inakula hata kufuli lililonunuliwa juzi. Ndiyo maana Bibi alimfundisha tangu yuko gredi ya kwanza: chovya kitambaa kwenye mafuta ya nazi, upake kila chuma cha nyumba hii. Na Jumwa, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na mdomo usiopumzika, alipaka huku akiimba, mpaka majembe yanang'aa kama ya kuonyeshwa dukani.

Lakini Jumatano hiyo haikuwa siku ya nyimbo. Bibi Kavumbi alikuwa amengoja miezi mitatu zamu yake ya kuonwa na daktari wa macho, hospitalini Msambweni. Zamu yenyewe ilikuwa saa sita mchana. Ukiikosa, unaanza kungoja upya, na jicho lake la kulia lilikuwa limeshaanza kuona ukungu mtupu. Wa kumpeleka alikuwa mwanawe, Mjomba Kombe, mwendesha bodaboda anayejulikana kijiji kizima kwa mbwembwe zake.

"Mama, leo utapanda kama bibi harusi!" Mjomba alisema, akifungua boksi dogo. "Breki mpya, mbele na nyuma. Zile kuukuu zilikuwa zinalia kama mbuzi."

Ndani ya boksi mlikuwa na vipande vinne vilivyopinda kama mwezi mwandamo, vile vinavyokaa ndani ya gurudumu na kulibana ukishika breki. Mjomba akayafungua magurudumu mwenyewe pale uani, akatoa vipande vya zamani, akavipanga vipya juu ya gunia safi. Mara jirani akamwita amsaidie kuinua tangi la maji.

"Jumwa, nilindie vitu vyangu, kuku wasivikanyage!"

"Ndiyo, Mjomba!"

Jumwa akachutama, akavitazama. Vizuri kweli! Lakini vikavu, maskini, na chumvi haichagui. Wiki mbili tu vitakuwa vyekundu kama vile vingine. Kitambaa si kiko papa hapa? Basi akavipaka mafuta ya nazi vyote vinne, kwa bidii, huku na huku, kisha akavipangusa vizuri visichafue gunia. Mjomba aliporudi alikuwa mbio mbio, hata kuvitazama hakuvitazama. Akavitia, akarudisha magurudumu, Jumwa akimpa spana moja moja.

"Huyu ndiye fundi wangu!" Mjomba akamsifu. "Wengine wanajua kula tu."

Jumwa akavimba kwa furaha. Akainuka na kitambaa chake ili apanguse gurudumu lipendeze.

"Wee, wee! Peleka mbali hicho!" Mjomba akaruka. "Kina mafuta! Breki haitaki mafuta hata tone. Inabana kwa ukavu wake. Ukiipaka mafuta inateleza kama kambare, na wewe utasimama ukishagonga kitu."

Lo! Jumwa akavikumbuka vile vipande vinne. Akakificha kitambaa nyuma ya mgongo. Akisema, magurudumu yatafunguliwa tena, Bibi atachelewa, na ile sifa ya ufundi itageuka kicheko cha kijiji. Asiposema... Aliijua njia ya kwenda barabara kuu, ule mteremko wake mkali, na kule chini malori ya mpakani Lunga Lunga yakipita kama yanafukuzwa.

Bibi alikuwa ameshatoka, leso mpya kiunoni, kadi ya hospitali mkononi.

"Mjomba," Jumwa akasema kwa sauti ndogo, "si uijaribu kwanza?"

"Nijaribu nini? Breki imetoka kwenye boksi sasa hivi! Kipya ni kipya, mwanangu. Mama, panda tuondoke."

Bibi akapanda. Pikipiki ikanguruma. Mikono ya Jumwa haikungoja ulimi wake; ikalishika kwa nguvu lile kariya la nyuma, chuma cha kubebea mizigo.

"Nimezipaka mafuta, Mjomba! Zote nne! Ya nazi! Nilidhani zitapata kutu!"

Mjomba akacheka. "Mtoto huyu ana utani!"

"Nishushe," akasema Bibi.

"Mama, saa zinakwenda..."

"Nimesema nishushe, Kombe. Mtoto hatanii na huku machozi yanamtoka."

Bibi akashuka, taratibu. Mjomba, uso umemkunjamana, akasema basi atawaonyesha. Akaondoka peke yake, polepole, mwendo wa mtu anayetembea, akielekea kwenye chanja za kuanikia mwani. Akashika breki ya mkono. Pikipiki ikaendelea. Akakanyaga ya mguu. Pikipiki ikaendelea tu, kama haikuambiwa kitu! "Oya, oya, oya!" akapiga kelele, akapangua chanja ya kwanza, akaegemea ya pili, na akatoka humo mwani unaning'inia masikioni kama mtu aliyevaa wigi.

Hakuumia hata ukucha. Bibi akaanza kucheka, kisha akautazama mteremko kule mbele. "Alhamdulillahi," akanong'ona. Jumwa akamkumbatia kiunoni, akalia kwa sauti.

Fundi Mutunga, mwenye gereji kando ya njia, akapigiwa simu, akaja na vipande vingine. Akasafisha ndani ya magurudumu kwa petroli mpaka pakakauka kabisa, akafunga vipya. Jumwa alidhani imekwisha. Thubutu! Mutunga akazungusha kila gurudumu kwa mkono, akakaza nati moja moja, akaisukuma pikipiki kwa miguu na kushika breki. Ikasimama. Akaiendesha polepole peke yake, akasimama. Akaongeza mwendo, akasimama. Akarudi, akakagua nati tena.

"Cheki, Kombe," akasema, akifuta mikono. "Mtoto amekosea kwa kutojua. Wewe ulijua breki hujaribiwa kwanza, na hukujaribu. Nani ana makosa makubwa hapo?"

Mjomba akatazama chini. "Mimi."

"Kipya si kizima mpaka kijaribiwe. Na usijaribie na mama wa watu nyuma! Sawa, bosi?"

"Sawa, fundi." Mjomba akamgeukia Jumwa. "Nisamehe, mwanangu. Uliniambia nijaribu, mimi nikajitia ujuaji."

"Na mimi unisamehe, Mjomba. Ningesema mapema."

Waliondoka saa tano kasorobo, helmeti vichwani, bila kukimbizana na mtu. Jumwa akabaki na simu ya mama yake, aliyekuwa ameshuka baharini kuvuna mwani, akaitazama hata isipolia. Akaisimamisha upya chanja moja, akaitazama simu. Akaanika mwani, akaitazama tena. Saa sita kasoro dakika tano ikalia, nusura aiangushe.

"Bibi! Mmefika?"

"Tumefika, mwanangu, salama salimini. Mbele yangu wamebaki wawili tu."

Jumwa akaketi palepale chini, simu sikioni.

"Sikiliza," Bibi akaendelea. "Aibu uliyoipata leo ni ya robo saa tu. Ungenyamaza tukaanguka, ungeibeba mpaka uzeeni. Mtu akikosea, aseme kosa likiwa bado dogo, maana dogo linatengenezeka. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Bibi."

"Haya, kata simu. Wananiita."