Kazi Ipo, Basi Hakuna

Jumapili ile nyumba ya akina Thackray ilikuwa tulivu. Nyama ya ng'ombe imeiva, viazi vimekaangika vizuri, na Norman Thackray, aliyefanya kazi kiwanda cha chuma cha mji wao wa Skelby mpaka kilipofungwa, alikuwa akinoa kisu huku akipiga mluzi. Furaha yote ilitokana na binti yake, Leanne. Alikuwa amehitimu ufundi chuoni, na kiwanda kipya cha kuunda mapanga yanayozunguka ya mitambo ya umeme wa upepo kilikuwa kimemwajiri.

"Hatimaye," Norman alimwambia mkewe, Glenys, "kuna mtu wa nyumba hii atakayerudi amechoka kwa kazi ya maana."

Furaha hiyo haikumaliza msimu. Asubuhi moja Leanne alirudi mapema, akavua viatu vyake vya kazi, akasema, "Wamenifukuza. Eti nachelewa."

Sikilizeni kisa chenyewe, wenzangu. Zamu ilianza saa kumi na mbili alfajiri. Kiwanda kiko ng'ambo ya mto, na basi la kwanza lilifika huko saa moja na ushee. Mwanzoni alipanda gari la mwenzake, mwenzake akahamishiwa zamu ya jioni. Akajaribu baiskeli kwenye barabara ya malori, mpaka lori lilipomsukuma na gurudumu likapinda.

Norman hakutaka kusikia. "Mimi nilikuwa naamka saa kumi."

"Baba, kuamka naamka. Huko nafikaje?"

"Anayetaka kazi anafika."

Glenys akaweka kikombe mezani. "Norman, wewe ulikuwa unachukuliwa na basi la kiwanda hapo kona. Miaka yote ile hukutembea hata siku moja."

"Usimtetee. Vijana hawa ni wavivu, basi."

Neno likazaa neno, hadi Norman akatamka kwamba nyumba yake si mahali pa kufuga mvivu. Wiki hiyohiyo Leanne alipanda treni kwenda mji wa Leeds, akawa analala kwenye kochi la rafiki yake na kuosha vyombo hotelini. Huyo ni msichana aliyejua kuunda panga refu kuliko mtaa wao, likahimili upepo wa bahari. Sasa anasugua masufuria ya wageni.

Wakati huo mkurugenzi wa kiwanda aliliambia gazeti kwamba wenyeji wa Skelby hawana nidhamu ya kazi, ndiyo maana analeta mafundi kutoka mbali. Norman aliisoma habari hiyo kwa sauti pale klabuni, akitikisa kichwa kukubali. Naam, baba mzima alishangilia mwanawe akitukanwa.

Kisha zamu yake ikafika. Kituo cha ajira kilimpangia kazi ya usafi kiwandani humo humo, na akikataa anakatwa posho ya serikali ya wasio na kazi. Norman aliamka saa kumi, kama alivyozoea kujigamba, akaenda kwa miguu. Mvua ilinyesha. Malori yalimrushia maji machafu mpaka shingoni. Darajani njia ya miguu ilikoma, akawa anajibana kwenye chuma cha ukingo, anasubiri malori yapite, anakimbia kidogo, anajibana tena. Alifika king'ora kimeshalia.

"Umechelewa, mzee," akasema msimamizi getini.

"Nimekuja kwa miguu. Basi hakuna."

"Kila mtu wa Skelby ana hadithi hiyo. Anayetaka kazi anafika."

Norman alihisi kama amezabwa kofi. Papo hapo gari la kampuni likaingia, likashusha mafundi waliotoka hotelini, wakavu, wameshiba.

"Kumbe usafiri mnao," Norman alisema.

"Huo ni wa wafanyakazi wetu wa nje."

Hakubembeleza. Aligeuka akaenda moja kwa moja ofisi za halmashauri, akakaa na nguo zake zilizolowa mpaka diwani akatoka.

"Njia ile haina faida, Bwana Thackray," diwani alimweleza. "Kampuni ya mabasi imekataa."

"Haina faida kwa nani? Mlikata utepe, mkapigwa picha, mkatuahidi kazi. Binti yangu amesomeshwa kwa kodi zetu, leo anaosha sahani Leeds. Mmejenga mlango mkaondoa ngazi."

"Nitalifikisha kwenye kikao."

Kikaoni lilisomwa, likawekwa kando, wakaendelea na suala la maua ya mzunguko wa barabara.

Jioni ya siku ya kikao hicho Norman alimpigia binti yake simu. "Leanne, nimeitembea ile barabara."

Leanne akauliza, "Mpaka darajani?"

"Mpaka getini. Nilikukosea, mwanangu. Rudi nyumbani."

"Nimekusamehe, Baba. Lakini nirudi nifanye nini?"

Leanne hajarudi mpaka leo.

MAFUNZO

Ndugu zangu, msidanganywe na tangazo la nafasi za kazi. Kazi ambayo mwenyeji hawezi kuifikia haijaletwa kwake. Imeletwa karibu naye ili alaumiwe kwa kuikosa. Viongozi wanaomsomesha kijana ufundi kisha wakamnyima basi wameitupa fedha ya umma mtoni, na tuwaambie hivyo usoni mwao. Nasi wazazi tuone aibu. Mji mzima ukimwita mwanao mvivu, usiwe wa kwanza kupiga makofi. Vaa viatu, nenda kaitembee barabara yake kwanza.