Mraba wa Naserian

Mezaramani, mashine mpya ya kufundishia jiografia, ilikuwa imemeza nusu ya darasa. Ukiitajia mahali popote nchini, chembe zake za kijivu zilitokota kama uji, zikajipanga kuwa milima na mabonde ya pale, kisha picha ya siku hiyo kutoka satelaiti ikatandazwa juu yake. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu hawakukariri tena ramani za vitabuni. Kila mmoja alipewa mraba wake wa nchi, ataje kilichomo, na mashine ikasahihisha papo hapo.

Wakubwa waliisifu kwenye kila jukwaa. Hawakusema kwamba mashine nayo ilikuwa inafundishwa: kila jibu lililopata alama liliingia kwenye Ramani Kuu ya taifa, pamoja na jina la aliyelitoa. Watoto walifanyishwa kazi ya wapima ardhi bila kuambiwa. Uhuni mtupu.

Naserian, kama wenzake, alipangiwa mraba wa kwao, wenye boma lao. Ilikuwa Agosti, na kila kiangazi Wamasai wa kwao huhamia ronjo, kambi ya malisho, hadi mvua zirudi. Picha ilionyesha zizi tupu. Aliandika "makazi", akapata sifuri. Alirudia, sifuri tena. Akamweleza Mwalimu Mbwilo wa jiografia kwamba pale ni kwao na mama yake angerudi Novemba. Mwalimu alikuwa na wanafunzi sitini, na mtihani ulikuwa mlangoni.

"Mwongozo unasema pasipo na moshi wala mifugo ni mahame, makazi yaliyohamwa," alimwambia. "Andika kinachotakiwa, mwanangu, upate alama."

Aliandika. Akapata mia kwa mia, darasa likampigia makofi.

Novemba mama yake alifika shuleni kwa miguu, vumbi hadi magotini, karatasi mkononi. Walikuwa wamerudi kutoka ronjo wakakuta trekta zisizo na dereva zimelisawazisha boma, na waya umezungushwa kwa ajili ya shamba la paneli za jua, ile karatasi imetundikwa juu yake. Mama hakujua kusoma. Mwalimu alinyoosha mkono aipokee ile karatasi. Mama akamnyima, akampa binti yake.

Naserian alisoma kwa sauti. Eneo ni mahame, halina mwenyewe, na hilo limethibitishwa na mzaliwa wa eneo hilo kama sheria inavyotaka. Hapo ndipo Mbwilo alipoelewa kwa nini mashine ilimgawia kila mtoto mraba wa kwao. Ilihitaji shahidi, naye alimtoa kwa mkono wake mwenyewe.

"Mzaliwa gani huyo?" mama aliuliza.

"Ni mimi, yeyo."

Mama alimvuta bintiye karibu. Kisha akamgeukia mwalimu.

"Huyu nilimleta hapa anajua kwao ni wapi," alisema. "Wewe umemfundisha nini?"