Jini wa Kusingiziwa

Kiti kilikuwa na joto. Shangazi, fundi cherehani aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini, alikikalia tu akainuka haraka.

"Nani alikuwa amekaa hapa?"

"Hakuna mtu," kaka yake akamjibu. "Kaa bwana, tuanze kikao."

Kikao kilihusu mkono wa binti wa kaka huyo, mtoto wanayemwita Kidoti. Mama yake alikuwa amemchoma kwa pasi, safari hii kiganja kizima. Safari iliyopita ulikuwa mgongo. Na kila mara ukoo huo, hodari wa kutia pamba masikioni, ulisema neno lilelile: si yeye, ni jini wake. Jini huyo aliwafaa sana. Hakuhitaji daktari, wala hakumlazimisha mtu kumpa mtoto kitanda nyumbani kwake.

"Shemeji si mtu mbaya," alisema baba mkubwa wa Kidoti. "Ni jini tu."

"Ni jini tu," sauti ikaitikia.

Wakatazamana. Haikuwa sauti ya yeyote kati yao. Harufu ya nywele zinazoungua ikatanda sebuleni, na pasi yenyewe ilikuwa baridi kabatini.

Mganga, mama asiye na mzaha waliyemwita kumpunga jini, akatoka chumbani kwa mama yake Kidoti.

"Yule hana jini. Anaumwa, mpelekeni hospitali. Na mtoto asilale humu leo." Akanusa. "Jini yuko hapa, na ninyi. Mmemsingizia mwaka nenda mwaka rudi, sasa amekuja kuishi na wanaomwita. Visingizio vyenu ndivyo chakula chake. Mimi simuwezi. Mmoja wenu aseme anamchukua mtoto, atoke naye, basi jini ataondoka."

Watu wazima wakakagua kucha zao.

"Kwangu hakuna nafasi," baba mkubwa alinong'ona.

"Hakuna nafasi," sauti ikasema, karibu zaidi, ikichekelea.

Shangazi alikuwa na nafasi. Alikuwa na chumba, na alimpenda mtoto huyo kuliko kitu chochote. Aliwachukia wote waliokaa pale, na zaidi alijichukia mwenyewe kwa mara zote alizonyamaza. Akapiga moyo konde, akainuka, akamwendea Kidoti aliyeketi mkekani pembeni, akamshika mkono ulio mzima, na hapo pumzi ya moto ikampiga shingoni, ile harufu ikamshuka kooni, akajikaza, akavuta hewa, akahisi kitu chenye joto kikijilaza taratibu juu ya ulimi wake, akafungua mdomo hivyo hivyo ili aseme namchukua.

"Mtoto ni wa mama yake," alisema. Ilikuwa sauti yake hasa, ya upole kabisa. "Tumpe muda, atapona."

Sebule nzima ikashusha pumzi.

"Umesema la maana, dada," kaka yake akashukuru.

Shangazi alitaka kupiga kelele. Machozi yalimbubujika, lakini midomo yake ilikuwa inatabasamu na haikumtii. Mganga akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Kidoti akautoa mkono wake taratibu. Hakuonekana kushangaa.

"Basi shangazi, usilie," alisema.

Akaenda chumbani kwa mama yake, akafunga mlango.