Vichaka Mbele ya Dirisha la Mama

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, kinyozi alimsaidia mama yake kukaa kwenye kiti karibu na dirisha. Alimwekea mto mgongoni. Alimpa chai. Kisha alisema maneno yale yale.

"Haya mama, tazama bustani."

"Bustani gani?" mama alimjibu siku moja. "Mimi naona ukuta na vichaka vitatu vilivyonyolewa."

Kinyozi alicheka, lakini maneno hayo yalimchoma. Vichaka vile alivinyoa yeye mwenyewe.

Mama alikuwa amehamia kwao mwaka uliopita. Zamani aliishi kwake peke yake. Akateleza, akavunjika nyonga. Alilala sakafuni tangu asubuhi hadi alasiri, na hakuna aliyemsikia. Siku hiyo kinyozi aliapa kwamba mama yake hataishi tena peke yake. Mama hakuapa. Nyonga ilipona taratibu, akaanza kutembea kwa mkongojo, lakini moyo wake haukutulia. Kwake alikuwa na bustani. Hapa alikuwa na dirisha.

Kinyozi hakukaa tu akishika tama. Mwezi ule ule mama alipofika, alimnunulia haidranjia tatu dukani. Haidranjia ni kichaka ambacho maua yake madogo hukusanyika na kufanya kishada kikubwa cha mviringo. Zile tatu zilikuwa zimechanua zote, buluu tupu, na kinyozi hakuuliza swali hata moja. Alizibeba akaenda zake.

Mama alifurahi kwa wiki sita. Halafu maua yakakauka. Sasa, kinyozi wetu alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuvumilia kitu kisichokaa sawa. Kabla ya baridi kuanza alichukua mkasi, akavikata vichaka juu na pembeni, kama anavyomnyoa bwana harusi. Majirani walimsifu, naye akavimba kichwa.

Mwaka uliofuata majani yalitoka mengi sana. Ua halikutoka hata moja.

"Mwanangu, kaa kidogo," mama alisema jioni moja. "Nataka kurudi kwangu. Nitamwambia dada yako aje kunichukua."

"Mama! Ukianguka tena je?"

"Huenda nikaanguka. Lakini hapa leo ni kama jana, na kesho itakuwa kama leo. Sijui hata mwezi unapoisha. Mtu hawezi kuishi hivyo."

Mke wa kinyozi alikuwa akikunja nguo. Aliziweka chini. "Mama, tupe mwaka mmoja," aliomba.

Mama alifikiri. "Mmoja," alisema. "Siongezi hata siku."

Kesho yake kinyozi alikwenda kwenye kitalu cha miche karibu na kituo cha mafuta. Mwenye kitalu alikuwa mwanamke mmoja aliyevaa mabuti hata siku ya jua kali. Watu walimwita Mama Kitalu.

"Nataka haidranjia tatu zilizochanua," kinyozi alisema. "Zile za kwanza zimeharibika."

"Zimekufa?"

"Hapana. Zina majani mazuri. Ila hazitoi maua."

"Nani alizikata?"

"Mimi mwenyewe!" kinyozi alisema kwa fahari. "Kabla ya baridi. Nilizisawazisha kabisa."

Mama Kitalu alivuta pumzi. "Twende nikazione," alisema.

Alipofika alipiga magoti mbele ya kichaka. Aligusa mahali mkasi ulipopita.

"Hapa ndipo palipokuwa na matumba," alieleza. "Aina hii ya mviringo hutengeneza maua ya mwaka ujao mapema, kwenye ncha za matawi yake ya zamani. Matumba hukaa hapo wakati wote wa baridi, yakisubiri joto. Wewe ulipokata ncha, ulikata na maua."

"Lakini nywele nikizikata zinaota."

"Hiki si kichwa cha mtu, bwana kinyozi."

Kinyozi alivitazama vile vichaka. Kumbe alimnyima mama yake maua kwa mkono wake mwenyewe! Aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na huzuni.

"Nani anayevitazama vichaka hivi?" Mama Kitalu aliuliza.

"Mama yangu. Anakaa pale dirishani."

"Wewe umewahi kukaa pale?"

Hakuwahi. Mama, aliyekuwa dirishani akisikiliza yote, aliinuka kwa mkongojo wake. "Njoo ukae," alimwita.

Kinyozi aliingia ndani, akaketi kwenye kile kiti. Aliona ukuta. Aliona mstari wa kijani ulionyooka. Alingoja, na hakuna kilichobadilika. Dakika tano tu, na tayari alitaka kuondoka.

"Kosa la pili ulilifanya dukani," Mama Kitalu alisema kutoka nje. "Ulinunua zote za aina moja. Zinachanua pamoja, zinakwisha pamoja. Anayekaa hapo mwaka mzima anataka zinazopokezana."

"Nizing'oe hizi?"

"Usiziguse! Ongeza aina mbili. Moja ina vishada virefu vyenye ncha. Huchanua baada ya hizi. Huanza vikiwa vyeupe, kisha hugeuka rangi ya waridi polepole. Vikikauka, viache. Vitapamba miezi ya baridi. Hiyo hupenda jua zaidi. Nyingine ina majani mapana yaliyogawanyika kama vidole. Baridi ikikaribia, majani yake huwa mekundu. Hiyo ipate jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Je, jua hupiga wapi hapa?"

Kinyozi alitoa kichwa dirishani, akatazama juu. Mkewe, aliyekuwa ametoka mlangoni, naye alitazama juu. Hakuna aliyejua.

"Kona ile ya lango hupata jua mpaka jioni," mama alisema. "Hapa karibu na ukuta jua huondoka saa sita. Na mvua ikinyesha, maji hutuama pale kwenye jiwe. Msipande hapo, mizizi itaoza."

Wote walimgeukia.

"Mnashangaa nini?" aliuliza. "Nimekaa hapa mwaka mzima."

Basi walipanda kama mama alivyoelekeza. Mama Kitalu aliwaonyesha kutandaza majani makavu chini ili udongo ushike unyevu. "Majani yakilegea mchana, msihangaike, jua ni kali," alisema. "Yakilegea asubuhi, yana kiu. Na msimpe mbuzi majani haya, yana sumu. Zile za mviringo, toeni matawi yaliyokufa tu. Ile yenye ncha mnaweza kuipunguza baridi inapokwisha, kwa sababu huchanua kwenye matawi mapya."

Vishada vyeupe vilifunguka mwezi uliofuata. Vilipoanza kuwa waridi, mama alimwita mke wa kinyozi kutoka jikoni aje aone. Baadaye majani karibu na ukuta yakawa mekundu, na mama akaanza kutoka nje kila asubuhi kuyatazama karibu. Alitembea hatua kumi, kisha ishirini. Baridi ilipofika, vishada vikavu vilibaki vimesimama. Kinyozi alijikaza asivikate. Mikono ilimwasha, lakini alijikaza.

Mwaka ukatimia. Dada wa kinyozi alikuja na gari asubuhi na mapema. Alimkuta mama amesimama bustanini na kopo la maji, na haidranjia ya kwanza ya buluu imefunguka nusu.

"Mama, uko tayari?" aliuliza.

Kinyozi alisimama mlangoni. Alikuwa ameahidi kutomzuia mwaka ukiisha.

Mama alimalizia kumwagilia kichaka cha tatu. Aliweka kopo chini.

"Ile nyumba yangu," alimwambia binti yake, "itafutieni mpangaji. Awe mtu anayependa maua."