Mwambie Nimekula

Likizo ile ya Agosti, Natasha hakuwa na muda wa kuruka kamba na wenzake. Kila asubuhi alichemsha chai, akafagia kibaraza, kisha akashuka mbio hadi zahanati ya mtaa wao wa Free Area. Huko alikuwa mkalimani, na cheo hicho kilikuwa kimempanda kichwani kidogo.

Alimtafsiria Mansi, mwanafunzi wa uuguzi mwenye asili ya Kihindi aliyetoka Uingereza kuja kujitolea. Wagonjwa walipomwona walidhani ni binti wa wenye maduka mjini Nakuru, wakammiminia Kiswahili. Maskini Mansi! Alijua "asante" na "pole" tu. Kazi yake ilikuwa kuwauliza wagonjwa maswali machache, kisha kuamua nani atangulie kumwona Daktari Cheruto na nani asubiri benchini. Majibu yote yalipitia mdomoni mwa Natasha.

Ijumaa moja, nani aliyeingia akijikokota? Nyanya Truphosa, bibi yake Natasha! Jasho lilimtoka ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi, na vidole vyake vilitetemeka.

"Ana ugonjwa wa sukari," Natasha alimweleza Mansi kwa Kiingereza.

"Amemeza dawa yake leo?"

"Nimemeza," nyanya alijibu alipotafsiriwa swali.

"Na amekula?"

Hapo nyanya alimwinamia Natasha sikioni. "Nimefunga tangu jana, mjukuu wangu. Hii ni wiki ya maombi kanisani. Lakini mwambie nimekula. Mama yako akisikia, hapatakalika. Mambo ya nyumbani hayaanikwi nje."

Mama yake Natasha, aliyepika katika hoteli moja huko Salgaa, alikuwa amemkataza nyanya kufunga. Lakini mtoto atamkaidije bibi yake mbele ya watu?

"Amekula," akasema.

"Vizuri. Basi asubiri zamu yake."

Nyanya akaketi mwisho wa benchi, kando ya Micah, mwendesha bodaboda aliyeumia mguu. Natasha aliendelea kutafsiri, lakini macho yake hayakubanduka pale. Nyanya alijipangusa jasho. Akapiga miayo. Kisha akaanza kumwita Natasha kwa jina la shangazi yake aliyefariki zamani.

"Nyanya, ni mimi!"

"Mathe, uko sawa?" Micah alimshika bega. "Ebu angalieni huyu mathe, hako poa!"

Natasha alimtazama nyanya, kisha Mansi. Akisema, atamwaibisha nyanya, na yeye mwenyewe ataitwa mwongo. Asiposema, je?

"Hajakula!" alipaza sauti. "Dada Mansi, nilidanganya! Hajakula tangu jana, na dawa amemeza!"

Uso wa Mansi ulibadilika, lakini hakujifanya kujua yote. "Mimi ni mwanafunzi tu. Mwite Daktari, kimbia!"

Daktari Cheruto aliacha kidonda alichokuwa akikifunga, akaja na kipimo, akamtoboa nyanya kidole. "Sukari imeshuka vibaya sana. Bado anaweza kumeza? Haya mama, kunywa kidogo kidogo."

Yalikuwa maji yaliyokorogwa sukari nyingi. Natasha alishika kikombe kwa mikono miwili huku machozi yakimtiririka. Walingoja. Mwishowe nyanya alipepesa macho, akamtazama vizuri.

"Natasha, unalilia nini?"

"Nakulilia wewe, nyanya."

Daktari Cheruto hakumkemea mbele ya watu. Alimvuta kando, akamwambia, "Kumheshimu nyanya yako ni vizuri. Lakini hapa wewe ndiwe mdomo wa mgonjwa. Sisi tunatibu kile unachotuambia. Uongo wako ulimpeleka nyuma ya foleni, na ungechelewa kidogo tu, tungempoteza."

Nyanya alikuwa amesikia. "Usimlaumu mtoto peke yake, Daktari. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha, tena nikamfundisha mjukuu wangu kuficha. Mungu anasikia maombi hata ya mtu aliyekunywa uji. Jioni mimi mwenyewe nitamweleza mama yake."

Ijumaa iliyofuata nyanya alirudi kupimwa. Mansi alikuwa amejifunza swali moja la Kiswahili, akaliuliza kwa fahari: "Nyanya, umekula?"

"Nimekula viazi vya Dundori, nimeshiba," nyanya akajibu. Kisha akacheka. "Lakini usiniamini mimi. Muulize Natasha."