Wimbo Uliomponza Mahona

Soko la Bariadi siku ya mnada halina adabu. Mbuzi wanakatiza juu ya nguo za mitumba, muuza sufuria anagonga mifuniko masikioni mwa watu, na hakuna anayemwomba mwenzake radhi. Mwaka ule pamba ilikuwa inanunuliwa na kila mwenye mzani, na hela za pamba ziligeuka redio: kila kibanda kilikuwa na yake, na kila moja ilisema lake. Generoza alikuwa anapenya humo na gauni lake jeupe la uuguzi, kitenge cha bluu kiunoni, kwapani amebana redio ya kaseti iliyokufa. Mguu wake ukanasa kwenye waya, na spika kubwa ya kibanda cha mbele ikanyamaza.

"Mwangaluka, mayu," sauti ya kiume ilimwamkia kwa Kisukuma kutoka nyuma ya rundo la redio zilizofunguliwa matumbo. "Umeizima ngoma nzima kwa mguu mmoja. Mpinzani wangu wa ngoma, Maganga wa Sola, amejaribu miaka mitano ameshindwa."

"Samahani, kaka. Waya wako umelala njiani kama mlevi."

"Ulikuwa unakusubiri wewe."

Aliinuka kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, tabasamu lenye mwanya. Generoza alimtambua. Huyu ni Mahona, fundi redio siku za kazi. Siku za ngoma ndiye manju wa chama cha Wagalu, mtunzi na kiongozi ambaye watoto waliimba nyimbo zake wakichunga. Generoza alilelewa Ipililo na baba ambaye ni Mgika kindakindaki, mfuasi wa chama pinzani cha ngoma, na katika nyumba ile jina la Mahona lilitajwa pamoja na viwavi wa pamba. Sasa moyo wake ulikuwa unamwendea mbio kwa ajili ya kiwavi.

"Redio hii ya nani?" Mahona aliuliza akiipokea.

"Ya klabu ya wasichana. Tunakutana Jumamosi ukumbi wa parokia. Tunawafundisha habari za miili yao, na namna ya kumwambia mwanaume hapana."

"Wakishajua hayo, vijana wetu watafanyaje?"

"Watawangoja wamalize shule."

Mahona alicheka hadi muuza sufuria akageuka kutazama.

Klabu ile waliianzisha kina mama wa mtaa, baada ya wasichana saba wa darasa la saba kukosa mtihani mwaka uliotangulia, kila mmoja na tumbo lake. Generoza ndiye aliyewapima kliniki, naye alijua kwamba mimba za Bariadi zina msimu kama pamba. Pamba ikiuzwa, ngoma zinaanza, vijana wana hela mfukoni, na wasichana wanarudi nyumbani na giza. Mtihani ukikaribia wanaingia kliniki nyuma ya mama zao, macho chini.

Redio ilipona siku ileile, lakini fundi aligundua ubovu mwingine uliohitaji mwenyewe arudi Jumatano, halafu Ijumaa. Mapenzi ni kikohozi, na wauguzi wenzake Generoza walianza kumpa pole. Generoza akanunua simu, nene kama kipande cha sabuni ya mche, na usiku haukupita bila simu hiyo kulia mara moja na kukatika.

"Mwanaume mzima unabipu?" alimuuliza alipompigia.

"Nilitaka kujua kama uko macho, mpenzi."

"Sasa nimetumia vocha yangu kukujulisha niko macho."

"Ndiyo mapenzi hayo. Hayana faida kwa wote wawili."

Siku moja alimwomba jambo. "Mahona, mimi na michoro yangu ya ukutani hawanisikilizi. Wewe wanakusikiliza. Waimbie habari hizi. Na ngoma zako ziishe jua lingalipo, watoto wafike kwao na mwanga."

"Nitaimba. Kuhusu jua tutazungumza. Ngoma inanoga jua likizama. Ila ujue, wimbo wa mawaidha matupu ni uji usio na chumvi. Manju huimba mtu."

"Huyu usimwimbe mtu."

"Nitajitahidi, mama."

Kosa lilifanywa na upendo. Jioni moja kwenye simu, akiwa amejaa fahari, Generoza alimsimulia habari ya binti mmoja wa klabu. Karani wa pamba alikuwa akimvizia njia ya shule na baiskeli mpya, akampa chupa ya mafuta mazuri ya kupaka. Binti alikwenda nayo nyumbani, hakulala vizuri, na kesho yake akamrudishia. Generoza alieleza darasa lake, anakokaa na mwendo wake, ila hakutaja jina. Alidhani jina ndilo siri.

Saba Saba ilipofika, uwanja ulijaa. Mahona aliingia na njuga miguuni, kofia yake ya manyoya, akaanza wimbo mpya. Aliimba binti wa darasa la saba, anayekaa ng'ambo ya daraja, mwenye mwendo wa twiga. Akaimba karani na baiskeli yake. Mafuta yakapakwa, binti akateleza, baiskeli ikamdaka. Mwisho wa kweli, ule wa kurudisha chupa, aliuacha kwa sababu hauchekeshi. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Generoza, aliyevaa gauni jipya la njano kwa ajili yake, aliona vichwa vikigeuka kimoja kimoja kumtafuta Milembe, binti yule wa klabu, naye Milembe akaondoka uwanjani akikimbia.

Jumatatu mama yake Milembe alifika kliniki bila mtoto wa kupima. Nyanjige alikuwa mwanamke wa maneno machache.

"Nesi, binti yangu haendi shule. Wanamwimbia njia nzima. Na baba yake, mzee Mayige, amesema binti aliyeimbwa ameshaharibika jina, aolewe ng'ombe wangalipo. Wakwe wanakuja baada ya Nane Nane."

"Mtihani ni Septemba, mama."

"Ndiyo. Mimi najua mwezi wa mtihani." Akamtazama. "Habari ile nilimwambia nani, nesi? Nilikwambia wewe."

Generoza aliinuka kitini. Alikwenda moja kwa moja kibandani, na sare yake, mbele ya wateja.

"Wasichana saba mwaka jana," alisema. "Mwaka huu wa kwanza umemtoa wewe, na hana hata mimba."

"Generoza, ule ni utani wa ngoma tu. Watu watasahau."

"Baba yake hasahau. Anampokelea mahari. Amekuwa akijilinda peke yake mtoto yule, wewe ukamvua nguo uwanjani ili watu wacheke."

"Mimi nilidhani nasaidia. Ulisema waimbie."

"Nilisema usimwimbe mtu. Usinipigie tena."

Mdomo uliponza kichwa, na Mahona alilijua hilo kuliko wote. Alipiga simu mara nne siku ile, kwa vocha yake mwenyewe, na Generoza aliitazama ikilia mpaka ikachoka. Akalia pamoja nayo. Alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma, kwa sababu yeye ndiye aliyempa maneno.

Wiki tatu zilipita. Generoza na kina mama wa klabu walimwendea mzee Mayige mara mbili. Aliwapa viti, akawapa maziwa, akawaambia, "Nyinyi mnazungumza shule. Mimi nazungumza jina. Jina limechafuliwa na manju, halisafishwi na nesi."

Siku mbili kabla ya Nane Nane, Nyanjige alirudi kliniki, na safari hii aliketi.

"Yule kijana wako amekuja nyumbani."

"Si wangu, mama."

"Haya. Amekuja asubuhi, hakuingia ndani. Amekaa chini pale mlangoni, akamwomba Milembe msamaha mbele ya baba yake. Mzee akamwambia, manju hajawahi kuurudia wimbo wake tangu dunia iwe dunia. Yeye akasema ataurudia, lakini hataimba neno mpaka binti amruhusu. Akauliza, 'Milembe, niseme nini?'"

"Milembe akasema nini?"

"Amekwenda kuleta kalamu. Halafu akamtungia."

Nane Nane ilikuwa siku ya mashindano, Wagalu wa Mahona na Wagika wa Maganga, uwanja mmoja, maduara mawili. Waamuzi walikuwa watu wenyewe: duara litakalowavuta wengi ndilo linalochukua fahali wa ushindi. Mpaka saa tisa Mahona alikuwa amemlemea mwenzake. Generoza alisimama nyuma kabisa pamoja na wasichana wa klabu, amejifunga khanga mabegani ingawa jua lilikuwa kali.

Mahona akanyamazisha ngoma. Akavua kofia ya manyoya, jambo ambalo manju halifanyi, akaanza taratibu.

"Niliimba uongo Saba Saba," aliimba. "Binti hakuteleza. Aliishika chupa, akaenda nayo kwa karani, akamwambia: mimi nina mama, nina kalamu, wewe una nini? Aliyeteleza ni mimi, Mahona, mwana wa watu."

Kwanza walidhani ni mbinu. Walipoelewa, wakaanza kuzomea. Maganga, mwenye macho ya haraka, aliongeza ngoma upande wake, na watu wakahama makundi kwa makundi kama ng'ombe walioona maji. Mahona aliendelea. Aliurudia wimbo ule mara tatu, akataja jina la Milembe kwa heshima na mara ya tatu akaimbia watu wasiozidi thelathini. Kisha akatangaza kwamba ngoma yake imekwisha, jua lingalipo, wasichana waende nyumbani.

Ng'ambo, fahali alikuwa anakabidhiwa kwa Maganga. Upande huu mzee Mayige alibaki na fimbo yake. Alimfuata Mahona.

"Nimesikia," alisema. "Wakwe nitawapelekea mtu leo, wasihangaike kuja." Akamgeukia binti yake. "Jumatatu ni shule."

Milembe aliwashika mkono wenzake wawili wakaondoka, na baada ya hatua chache walikuwa wanaimba ule wimbo.

Generoza aliukata uwanja mtupu. Jasho lilikuwa limemlowesha Mahona shati zima, na njuga zilikuwa bado miguuni.

"Umepoteza fahali," alisema.

"Nilikuwa nimeshampangia kazi yule fahali. Nilitaka nimpeleke Ipililo, kwa mzee fulani Mgika, nikaombe binti."

"Mzee yule akisikia Mgalu ameshindwa, atakuchinjia yeye mwenyewe."

"Generoza, usinitanie. Sina fahali, sina jina, na mwakani sijui nani atakuja kunisikiliza. Nilikukosea wewe na mtoto wa watu. Nakupenda. Nikija Ipililo mikono mitupu, utanifungulia?"

Generoza aliinama, akaanza kumfungua njuga, mguu wa kulia kwanza.

"Kliniki napokea wanaume wengi wanaokana mimba," alisema bila kuinua kichwa. "Leo nimemwona mmoja amekubali mbele ya Bariadi nzima. Nikija kupata binti, namtaka baba wa namna hiyo."