Rafu ya Chumba cha Israa

Fundi wa mbao kisiwa kizima cha Amu ni mimi Bakr, wengine wanabahatisha. Milango yangu iko Shela, iko Siyu, iko mpaka Maskati. Tajiri mmoja huko aliuona mlango wangu akakaa chini akalia kama mtoto. Shule sikwenda. Jicho langu ndilo futi kamba yangu.

Basi asubuhi moja nimekaa na kahawa yangu, shemeji yangu Hamdun akaja na punda kabeba mbao. Alikuwa amehamia nyumba mpya ya matofali, kuta tupu, hata kidaka kimoja cha kuwekea vitu hakuna. Binti yake Israa, wa miaka sita, hana pa kupanga wanasesere wake.

"Nipigie rafu ya pembeni, Bwana Bakr. Mbao nimezitoa nyumba yetu ya kale. Zilikuwa zimelala tu."

Mbambakofi ya zamani hiyo, nzito, laini kama ngozi ya mtu. Ubao mmoja ulikuwa na tundu katikati, na vifereji vikiteremkia hapo. Mimi siulizi mbao zimetoka wapi, napiga randa. Nikaziba tundu, nikakata tabaka nne za pembe tatu, za yuu ndogo, ya chini pana. Wallahi watu walitoka Pate kuja kuitazama.

Wiki haikwisha, dada yangu Alawiya, mkewe Hamdun, akanipigia simu mchana kweupe. Ananong'ona.

"Kaka, ndoo kwangu sasa hivi. Usimwambie mtu."

Nikaenda. Chumba cha Israa kilinuka kafuri ya sanda. Wanasesere walikuwa wamelazwa kwenye rafu, mmoja kila tabaka, zile tatu za yuu. Wote kwa ubavu wa kulia. Wote wameelekea kibla. Nywele zao zilikuwa mbichi kwa maji, na puani mwao mna pamba.

Tabaka ya chini ilikuwa tupu.

"Mchezo wako huu?" nikamuuliza Israa.

"Si mimi, mjomba. Yuko anayewaosha."

"Nani?"

"Simuoni. Naona mikono." Akainama sikioni mwangu. "Amesema ya chini ni yangu. Leo."

Mimi siogopi kitu. Simba wa bara alinipisha ndia mimi. Lakini nilirudi nyuma mpaka mlangoni.

Alawiya akamwita mumewe na mama mkwe wake, Bi Mahfudha. Bi mkubwa aliingia, akapapasa ubao wa chini, kidole chake kikasimama pale nilipoziba.

"Ni nani aloziba tundu hili?"

Nikainua mkono.

"Hiki ni kitanda cha kuoshea maiti wa nyumba yetu. Mamangu kaoshwa hapa. Nyanya zangu wote hapa." Akanitazama. "Sasa mai yapite wapi, fundi?"

Akaniambia niing'oe rafu kabla ya magharibi. Nikashika bisibisi. Kila skurubu ilitoka imelowa. Tabaka ya kwanza ikatoka. Ya pili. Ya tatu. Ya chini ikakataa. Skurubu zote nimetoa, haina kinachoishika, na haiji. Mimi niliyebeba mlango wa msikiti peke yangu.

Nyuma yangu Alawiya akasema, taratibu sana, "Kaka."

Israa alikuwa amelala sakafuni. Ubavu wa kulia. Uso kibla. Nywele zinachuruzika maji. Midomo imekuwa rangi ya jivu.

Hamdun akamnyanyua mwanawe, akamtikisa, akamwita. Hakuitika.

Bi Mahfudha hakumtazama mtoto. Aliinamia ule ubao kama anayesema na mtu mzima mwenzake.

"Zamu si yake. Mkubwa ni mimi."

Kizibo changu kikaruka. Maji yakamwagika kutoka tunduni, baridi, na ubao ukaniangukia mikononi mwepesi kama ganda la mkate.

Israa akapiga chafya. Pamba ikamtoka puani.

Nilivirudisha vile vipande vikawa kitanda tena, na hakuna fundi nti hii angeweza. Ijumaa ya wiki ile Bi Mahfudha hakuamka, na kabla ya adhana wanawake wakamwosha juu yake. Maji yalipita vizuri. Nikasema, yamekwisha.

Jioni Alawiya akamfunua mtoto shuka aamke atawadhe. Vidole gumba vya miguu vilikuwa vimefungwa pamoja kwa kipande cha bafta, kitambaa cheupe cha sanda, kama wanavyofungwa wafu. Fundo lilikuwa la kizee, la watu wa zamani. Tukalikata kwa wembe.

Israa sasa ni msichana mkubwa, anakimbia, anacheka, anasoma vizuri. Lakini mstari mweupe wa ile bafta uko vidoleni hadi leo. Na kila akilala, miguu yake inajikusanya pamoja yenyewe.